Ni Nani Amekutuma?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliponiomba niandike kuhusu siku ile ya baraza, nilisitasita. Kisa chenyewe wengi wenu mmekwisha kukisikia, tena kikiwa kimetiwa chumvi hadi kikawa chungu. Wapo wanaosema kwamba nilimtukana mkubwa wa watu. Wapo wanaosema nililia mbele ya umati. La hasha! Sikutukana wala sikulia. Niliuliza swali moja tu, na hadi leo ninapoandika, wale niliowauliza hawajanijibu.

Ninyi mnaotoka upande huu wa shuleni huenda hamjui adha ya sisi wa ng'ambo ya mto. Tunavuka kwa magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Wakati wa kiangazi hakuna shida, hata watoto wa chekechea huvuka wakiimba. Lakini masika yakiingia, magogo yale huteleza kama bamia, na mto ukifurika hayaonekani kabisa. Hapo uchague: ama uzunguke kwa barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ama ukae nyumbani ukose masomo. Muhula mmoja nilikosa siku 11. Mwalimu wa zamu naye hasikizi habari za mto. Kuchelewa ni kuchelewa, piga magoti.

Basi kando ya magogo hayo pana kibao cha bati, kimepakwa rangi nyeupe, kinatangaza ujenzi wa kivukio cha waendao kwa miguu. Nilikikuta pale nilipojiunga na Kidato cha Kwanza. Kibao kipo, kivukio hakipo. Mbuzi hukitumia kujikunia.

Siku ya baraza watu walikuwa wameitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Mimi sikuwa nimekwenda kutoa maoni yoyote. Mama alikuwa amenituma nikauze njugu. Kwa hivyo wanaosema kwamba nilitumwa hawakukosea sana, ila nilitumwa na beseni. Niliuza hadi nikabaki na vifurushi vichache, nikakaa chini ya mwembe kusikiliza. Wakataja barabara, wakataja taa za sokoni, wakataja choo cha stendi. Mto wetu haukutajwa. Nikajikuta nimeinua mkono.

Aliyeshika kipaza sauti aliniletea akitabasamu. Nadhani alitarajia nikariri shairi la kuwakaribisha wageni, maana katika mikutano kazi yetu sisi wanafunzi huwa ni hiyo. Nilisimama, magoti yakigongana. Nikasema: "Naomba kuuliza. Kile kivukio kimeandikwa kwenye kibao kiko wapi? Na ile pesa yenye ililetwa ilienda wapi? Na kwa bajeti ya mwaka huu kimo ama hakimo?"

Kwanza watu walicheka. Halafu wakapiga makofi. Halafu pakawa kimya, yaani kimya kile cha mtu kuvunja sahani ugenini.

Mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja, alichukua kipaza sauti. "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia. "Na ni nani amekutuma?" Nikasema hakuna. Akawageukia watu akasema kwamba Kiswahili kile si cha mtoto, kwamba kuna walimu wanaoacha vitabu na kufundisha watoto siasa. Aliyezungumza baada yake alikuwa mama mmoja mwenye sauti tamu. Alinisifu mno. Akasema huyu ni mheshimiwa wa kesho, mpigieni makofi mazito. Nikapigiwa tena. Kisha mkutano ukaendelea na habari za choo cha stendi.

Nitasema ukweli. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Vijana wa bodaboda waliniita "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" nami nikawapungia mkono kama nimechaguliwa. Ilikuwa hadi jioni ndipo nilipotambua kwamba nimepigiwa makofi mara mbili, nimeulizwa maswali mawili, na lile langu limebaki pale pale chini ya mwembe pamoja na maganda ya njugu.

Mama alikuwa amekwisha kupata habari. Hakunigombeza. Alipika, akapakua, akanyamaza, na ninyi mnaomjua mama yangu mnajua kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kugomba. Mwishowe akasema, "Leo mtu alikuja kibandani. Akanunua nyanya za shilingi ishirini, akaniambia, 'Mama, mchunge huyo binti yako.' Kibanda changu kiko kwenye ardhi ya soko, mwanangu. Hilo ulilifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Hata sasa sina jibu lake. Nikiwasikia watu wakisema "mtoto jasiri" huwa nakumbuka kwamba gharama ya ujasiri wangu ilipelekwa kwa mama.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Kiswahili aliulizwa ofisini kama ni yeye aliyeniandikia swali. Nasikia alijibu hivi: "Kama ningekuwa mimi nimemwandikia, asingesema 'pesa yenye ililetwa'. Angesema 'pesa zilizoletwa'. Hilo kosa ni lake mwenyewe, na nitamwadhibu kwa hilo." Kweli aliniadhibu. Niliandika sentensi 50 za virejeshi. Lakini alinipa pia kitu cha kusoma, habari za watoto waliopata kusema mambo ya wakubwa hadharani, akaniambia nitazame hasa walivyojibiwa. Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka.

Wengi wenu mmesikia juu ya Greta Thunberg wa Uswidi. Tarehe 20 Agosti 2018, akiwa na miaka 15, alikaa peke yake nje ya bunge la nchi yao jijini Stockholm na bango la kusema amegoma shule kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia. Alikaa pale hadi uchaguzi wa Septemba, kisha akawa anafanya hivyo kila Ijumaa. Mwaka uliofuata wanafunzi wa nchi nyingi walikuwa wakimfuata. Alichodai si kigumu kueleza: wanasayansi wamesema dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa makaa, mafuta na gesi, basi wenye mamlaka wafanye yale wanasayansi wanayosema. Ukitaka kumpinga, mpinge hapo. Sema sayansi hiyo ina kasoro, au sema gharama ni kubwa na uonyeshe hesabu.

Sasa tazama alivyojibiwa. Watu walisema kuna wakubwa wanaomwandikia hotuba, hata Februari 2019 ikambidi aeleze kwamba huziandika mwenyewe ingawa huwauliza wanasayansi asije akakosea. (Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani, nikafukuzwa.) Scott Morrison, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia, alisema Novemba 2018 kuhusu wanafunzi wa kwao waliotaka kugoma kwamba anataka masomo yaongezeke shuleni na harakati zipungue. Rais wa Brazili wa wakati huo, Jair Bolsonaro, alimwita kwa neno la Kireno ambalo huku kwetu lingekuwa "katoto kasumbufu". Donald Trump alimshauri Desemba 2019 ashughulikie hasira zake na aende kutazama sinema na rafiki. Greta hakurusha tusi. Alichukua maneno yale yale akayaweka kuwa maelezo yake mwenyewe kwenye ukurasa wake wa Twita. Hapo mimi namvulia kofia, kwa maana ningekuwa mimi ningelia.

Lakini aliyenishangaza kuliko wote ni Rais Putin wa Urusi. Oktoba 2019, mjini Moscow, alisema kwamba hakuna aliyemweleza msichana huyo jinsi dunia ya sasa ilivyo na mambo mengi, na kwamba watu wa Afrika na Asia nao wanataka utajiri kama wa Uswidi. Lo! Kumbe na sisi tulikuwa tumetajwa! Mtoto wa Uswidi anajibiwa kwa kutumia jina la mtoto wa Afrika, na mtoto wa Afrika hakuulizwa. Hata hivyo nikiri kwamba huyu angalau alikaribia hoja. Kwetu ng'ambo ya mto stima hatuna, na tunaitaka. Hilo ni jambo la kujadiliwa. Tatizo ni kwamba alilisema kama kumfunga mtoto mdomo, hakulisema kama mtu anayejadiliana naye.

Basi, tuseme hao ndio wabaya. Je, waliomsifu? Tarehe 23 Septemba 2019 Greta, ambaye sasa alikuwa na miaka 16 kama mimi, alisimama mbele ya viongozi katika Umoja wa Mataifa kule New York. Alipoanza tu kwa kusema kwamba vijana watakuwa wakiwaangalia, ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Yeye hakuwa anacheka. Aliendelea kuwakaripia karibu analia, nao wakaendelea kumpigia makofi. Nikakumbuka mwembe wetu.

Tena hakuwa wa kwanza. Juni 1992 msichana wa Kanada aitwaye Severn Suzuki, mwenye umri wa miaka 12, alihutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira mjini Rio de Janeiro. Yeye na wenzake walikuwa wamechanga nauli wenyewe. Aliwaambia wakubwa kwamba kama hawajui kuyatengeneza mazingira, basi waache kuyaharibu. Wakapiga makofi sana. Kati ya makofi hayo na yale ya New York ni miaka 27. Hesabu ya moshi ulioongezeka hapo katikati nawaachia wenzangu wa klabu ya Jiografia.

Na tusiende mbali kana kwamba hapa petu hamna. Januari 2015, nikiwa bado mdogo, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi shule wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Wakaandamana pamoja na wanaharakati watu wazima. Polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi, watoto wa sare! Wananchi walikasirika sana, na Waziri wa Usalama wa wakati huo, Joseph Nkaissery, akawaomba watoto radhi. Lakini palikuwa pia na waliouliza, "Ni nani aliwapeleka watoto pale?" Swali hilo si baya. Mzazi yeyote angeuliza, mama yangu akiwa wa kwanza. Ila lina jirani yake ambalo lilipaswa kuulizwa kabla yake: ni nani aliyeuweka ukuta? Wale watoto walibahatika, kwa maana hilo la pili nalo liliulizwa, na uwanja ukarudi kwa shule.

Mwalimu alinionyesha pia Katiba ya 2010. Ibara ya 33 inasema kila mtu ana uhuru wa kujieleza. Nilitafuta mahali palipoandikwa "kila mtu aliyefikisha miaka 18" nisipaone. Miaka hiyo ni ya kupiga kura. Tena Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, ambao katika Ibara ya 12 unasema maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri wake na kukomaa kwake. Sikatai kwamba uzito wangu bado ni mdogo. Lakini mdogo si sawa na sufuri.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Majuma mawili baada ya baraza, nilikuwa nikivuka magogo asubuhi nikamkuta mzee mmoja fundi wa mawe ameketi ng'ambo akivuta kiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia. Kisha akasema bila kutabasamu, "Wewe ndiwe uliyesema barazani. Ulikosea."

Moyo ukaniruka. Nikangoja aniulize mimi ni mtoto wa nani.

"Ulikosea," akarudia. "Unadai kivukio kijengwe hapa penye kibao. Hapa ukingo unabomoka. Tazama mizizi ya ule mti, mwaka juzi ilikuwa ndani ya udongo. Wakijenga hapa, mvua mbili tu kinakwenda na maji, na pesa zimekwenda mara ya pili. Panapofaa ni kule juu penye mwamba. Ni mbali kidogo, lakini mwamba hauhami."

Nikambishia. Nikamwambia kule juu watoto wa chekechea watachoka. Akasema watachoka lakini watafika. Nikasema shamba la kule lina mwenyewe. Akakaa kimya, akatoa kiko mdomoni, akasema, "Hilo sikuwa nimelifikiria."

Wasomaji wenzangu, siwezi kuwaeleza raha niliyoipata. Katika watu wote walionicheka, walionisifu, walionionya na walionipa vyeo, huyu ndiye wa kwanza kuniambia nimekosea kuhusu daraja.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kule juu, yeye, mimi na mama, aliyesema amekuja kuchuma mboga za kienyeji. Mzee alikuja na kamba yenye mafundo. Alishika ncha moja, mimi nikavuka mwambani na ncha nyingine, maji yakiwa magotini. Tukapata mita 14 na kitu. Mama, ambaye hakuwa amechuma hata jani moja, aliuliza kama mita hizo ni za wakati wa kiangazi au wa mvua. Mzee akamtazama, akacheka, akasema itabidi turudi mto ukijaa. Tukakunja kamba.