Kutunga Lulu

Kiswahili kimelitwika neno kutunga kazi nyingi. Mama wa pwani hutunga asumini akapata koja. Msichana hutunga ushanga. Mshairi hutunga beti zake. Na mwanafunzi aketiye mbele yangu darasani hutunga insha, aghalabu kwa manung'uniko. Katika kazi zote hizo kuna vitu vidogo vingi, na kuna uzi mmoja unaovishikamanisha, ijapokuwa uzi wa mshairi hauonekani kwa macho. Nataka kueleza habari za utungaji mmoja ambao ni watu wachache wanaoutazama kwa makini, nao ni utungaji wa lulu. Aonaye kidani cha lulu shingoni mwa mtu husifu weupe wa lulu, au mviringo wake, au nuru ile itokayo ndani kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Ni nadra kumsikia mtu akisifu mafundo. Walakini mafundo yapo, moja katikati ya kila lulu mbili, madogo kuliko mbegu ya ufuta, nayo ndiyo yaliyonifanya nikaipenda kazi hii.

Yafaa kwanza tujue kwa nini yapo. Lulu si jiwe, ingawa huuzwa pamoja na mawe. Hutengenezwa na chaza kwa kulimbika tabaka juu ya tabaka, na sehemu kubwa ya mwili wake ni kitu kile kile kifanyacho mawe ya chokaa. Wataalamu wana kipimo cha ugumu kiitwacho kipimo cha Mohs, ambacho almasi hupata 10. Lulu hupata baina ya 2.5 na 4.5 tu. Basi lulu mbili zikiachwa zigusane, kila pumzi ya mvaaji huzisugua, na baada ya miaka huonekana mabaka yaliyofifia pale zilipokuwa zikikutana. Tena, kingo za tundu la lulu ni kali, nazo huutafuna uzi polepole. Fundo huzitenga lulu zisisuguane, na huzuia kila lulu isitelezeteleze juu ya uzi. Lakini sababu iliyo kubwa kupita zote ni nyingine. Uzi wa ushanga wa kawaida ukikatika, shanga zote hutawanyika sakafuni, na watoto wa nyumba ile hupata kazi ya kutambaa chini ya vitanda. Uzi wenye mafundo ukikatika, huanguka lulu moja tu. Zilizobaki hukaa mahali pake, kila moja imefungiwa mlango wake.

Mimi nilijifunza kazi hii wakati wa likizo, kwa mzee mmoja msonara wa Mombasa, ambaye kwa ukarimu wake aliniruhusu kuketi karibu na meza yake maadamu sikuzungumza alipokuwa akihesabu. Kuhesabu ndiko kulikotangulia yote. Hakukata uzi wa mtu kabla ya kuhesabu lulu kwa sauti mbele ya mwenyewe, akaandika idadi, na mwenyewe akaikubali. Na alipomaliza kazi alihesabu tena kwa sauti ile ile. "Dhahabu hupimwa kwa mizani," alisema, "lakini lulu hupimwa kwa ulimi wa fundi." Baada ya hapo alikata uzi wa zamani, akazipangusa lulu kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni hafifu, akazilaza juu ya kitambaa kikavu. Kisha alizipanga katika kibao chenye mfereji, kubwa kati, ndogo pembeni, akirudisha hii na kuhamisha ile mpaka jicho lisikwame popote. Katika kupanga alikuwa mpole kabisa. Nimeshuhudia akitumia asubuhi nzima kwa lulu tatu zilizokataa kuketi pamoja.

Uzi ni wa hariri. Siku hizi ziko nyuzi za nailoni ambazo zinakawia kuchakaa kuliko hariri, nami siwalaumu wanaozitumia. Lakini hariri hulala kwa ulaini, na fundo lake hukaza likawa duara dogo lisiloteleza. Ubaya wake ni kwamba hurefuka. Kwa hiyo mzee aliutundika uzi usiku kucha ukiwa na kitu kizito kidogo mwishoni, ili urefuke kabla ya kutungwa wala usirefuke shingoni mwa mtu. Kidani cha sentimita 45 kilitaka uzi wa mita 2, uliokunjwa ukawa maradufu. Sindano yake haikuwa ya chuma kigumu, bali ya waya mwembamba uliosokotwa, ambao hupinda na kupita katika tundu ambalo upana wake hata milimita moja haufiki.

Mwanzo wa kidani ndio mgumu kueleza. Lulu tatu za kwanza huingizwa bila fundo. Kisha uzi huvishwa kipande kifupi cha waya wa fedha au wa dhahabu uliozungushwa ukawa kama mrija, mwembamba mno hata ukiushika kwa pupa umeuharibu. Mrija huo huufunika uzi mahali pale unapopita katika pete ya kishikizo, kwa sababu pale ndipo chuma kinapokula hariri. Uzi hurudishwa katika lulu ya kwanza, mrija ukajikunja kama kwato ya farasi, fundo likafungwa. Ukapita ya pili, fundo likafungwa. Ukapita ya tatu. Tangu hapo mwendo ni mmoja. Uzi huzungushwa juu ya vidole vya mkono wa kushoto ukawa kitanzi kikubwa, na kidani chote hudondoshwa ndani yake. Kabla kitanzi hakijakaza, ncha ya sindano nene huchomekwa katikati, na kwa sindano hiyo fundo husukumwa polepole mpaka likaegemea lulu. Hapo ndipo uzi huvutwa, sindano huchomolewa, na ukucha wa kidole gumba humalizia. Ukivuta kabla fundo halijafika, umekaza mbali na lulu, na hariri iliyokwisha kukaza haifunguki. Dawa yake ni mkasi. Kidani cha lulu 60 kina mafundo kama 60, na yote yataka mkono mmoja, kwani mtu akikaza kwa hasira asubuhi na kwa uvivu jioni, kidani kitayasema yote mawili.

Lulu zenyewe zilisafiri mbali kabla ya kufika katika kibao kile. Kwa karne nyingi lulu zilizosifiwa zaidi zilitoka Bahrain na pande nyingine za Ghuba, ambako katika miezi ya joto mzamiaji alibana pua, akafunga jiwe mguuni, akashuka kwa pumzi moja. Nyingi zilipelekwa Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai, zikatobolewa na kutungwa huko. Hapa pana jambo ambalo vijana wetu hawaelezwi mara nyingi: katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, baadhi ya wazamiaji wale walikuwa watu waliotekwa utumwani katika Afrika Mashariki. Zilivaliwa shingoni mwa matajiri, na pumzi iliyozitoa baharini pengine ilikuwa ya mtu wa kwetu. Bei yake ilipanda hata mwaka 1917, katika New York, kampuni ya Cartier ilitoa kidani cha nyuzi mbili chenye lulu 128 na dola 100 ikapata jumba zima. Mjapani Mikimoto Kokichi alikuwa amekwisha kufaulu mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze lulu kwa matakwa ya mfugaji, kwanza nusu duara. Lulu za kufugwa zilipojaa sokoni, na dhiki ya biashara baada ya 1929 ikaongezeka, uzamiaji wa Ghuba ulididimia. Lulu za kidani kile cha jumba ziliuzwa mwaka 1957 kwa bei isiyofika dola 200,000, katika mji ule ule.

Siku moja alikuja dukani mwanamke wa makamo, akamwamkia mzee, akafungua leso. Ndani yake mlikuwa na kidani cha lulu ndogo za Ghuba, zisizolingana sana, ambazo babu yake aliyekuwa baharia wa majahazi alikuja nazo zamani. Mama yake, aliyekwisha kufariki, ndiye aliyekitunga kwa mkono wake. Uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na katikati ulikuwa umekatika. Lulu moja ilianguka, wakaiona chini ya kabati. Yule mwanamke alitaka kidani kitengenezwe kwa ajili ya arusi ya binti yake, lakini alitoa sharti: uzi wa mama yake usikatwe.

"Nifungie pale palipokatika tu, baba," alisema.

Mzee aliupitisha uzi baina ya vidole, akamwonyesha nyuzinyuzi zilizosimama kila penye fundo. Alimwambia kwamba pale pakifungwa leo, pengine patakatika kesho, tena mbele ya wageni. Mwanamke hakujibu. Machozi yalimlengalenga, nami nikajifanya ninatazama barabarani.

"Mwanangu," akasema mzee, "hebu nieleze. Mamako alifunga mafundo mangapi hapa?"

"Sijui, baba. Mengi."

"Kwa nini alijitaabisha? Angaliamini kwamba uzi huu ni wa milele, asingefunga hata moja. Mtu afungaye fundo anajua kwamba uzi utakatika. Alikwisha kukuruhusu."

Yule mwanamke alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama yeye mwenyewe angeweza kuutunga. Mzee alinitazama, akatazama saa, akamvutia kigoda. Walihesabu pamoja: lulu 67. Mkasi alipewa yeye, akakata kwa mkono wake. Mafundo yake ya kwanza yalikaza mbali, na mzee, ambaye nilidhani atamhurumia, hakumhurumia hata kidogo. Alikata uzi mara mbili akamwanzisha upya. Mara ya tatu ukucha wake ulianza kujua kazi. Mimi nilipewa kushika taa ilipokaribia magharibi. Alipofika mwisho mzee alimalizia pale penye kishikizo, kwa kuwa kazi ile ya mrija haikuwa ya mwanafunzi wa siku moja, akatia tone dogo la gundi juu ya fundo la mwisho, wakahesabu tena kwa sauti, 67. Alimwonya asipake manukato baada ya kukivaa bali kabla, akipanguse jasho kila akivuapo, akilaze wala asikitundike, na akikague kila baada ya mwaka. Uzi wa zamani ulikuwa bado juu ya meza, umejikunja, na alama za mafundo zikionekana juu yake. Akauokota, akaufunga katika pembe ya leso, akalipa, akatoka.