Kutangulia si Kufika

Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Wao hao wakasema kutangulia si kufika. Mwenye karata nzuri huikumbuka methali ya kwanza akaisahau ya pili.

Katika mchezo wa poka, hakuna mwanzo bora kuliko kugawiwa ree mbili. Kwa wastani, mchezaji huzipata mara moja katika migao 221. Akikabiliana na mpinzani mmoja ambaye karata zake hazijulikani, na wote wawili wakafika mwisho, atashinda takribani mara 85 katika 100. Wapinzani wakiwa wanne, ushindi huo hushuka hadi mara 56 hivi. Ree ni zile zile. Walioongezeka ni wawezao kumshinda.

Mkulima wa miwa wa Muhoroni anaijua hesabu hiyo hata kama hajawahi kushika karata. Shamba lililostawi chini ya vilima vya Nandi, lenye miwa ya miezi 18, ndilo ree zake mbili. Nao wapinzani wake ni wengi: moto wa kiangazi, mvua inayokwamisha matrekta, kiwanda kinachosimama kwa ubovu wa mitambo, na deni la mbolea. Mwaka 2001, kiwanda cha Muhoroni kilipolemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ubora wa miwa shambani haukuwa kinga.

Basi afanyeje? Akiwauzia mapema watengenezaji wa sukari guru, atapata fedha leo, pengine kwa bei ya chini. Akingoja zamu yake ya kuvunwa, huenda akalipwa vyema, au miwa ikapitiliza umri na kukauka. Tena miwa ikishakatwa haina subira: sukari yake hupungua kila siku ipitayo bila kusagwa. Mkulima mmoja atangoja na kufaulu. Jirani yake atangoja na kuunguliwa. Kijiji kitamwita wa kwanza mwerevu na wa pili mzembe, ilhali wote wawili waliamua jambo moja kwa sababu zile zile.

Uamuzi sharti upimwe kwa yaliyojulikana ulipofanywa. Hata hivyo, hoja hiyo haimlishi aliyeunguliwa. Mcheza poka aliyeshindwa na ree zake mkononi hugawiwa karata nyingine baada ya dakika chache; mkulima hungoja mwaka na nusu, na karo ya mtoto haingoji. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza atapata kiasi gani, yampasa kujiuliza: nikikosa, nitabaki na cha kupandia? Awezaye kuligawa shamba, akauza sehemu mapema na kungoja kwa sehemu iliyobaki, huenda asipate faida kubwa kuliko wote. Lakini msimu ujao, jembe lake litakuwa shambani.