Aya Tuliyoikata Nusu

Kamati ya msikiti ilipojadili ada za yatima wa madrasa, mmoja wetu alisoma kipande cha Suratul-Baqara, aya ya 195, kinachokataza kujitia maangamizoni. Tukaridhika: tukitoa, tutafilisika. Nasi tuliopewa ukatibu tukaandika hivyo katika muhtasari.

Usiku tulifungua tafsiri. Abu Ayyub al-Ansari, Allah amuwie radhi, alibainisha mbele ya Konstantinopoli kwamba aya hiyo iliteremka kwa ajili yao Ansari. Uislamu ulipopata nguvu, walitamani kuiacha jihadi, wabaki kutengeneza mali zao. Na aya yenyewe inaanza kwa amri ya kutoa! Kumbe maangamizo ni kuzuia mkono.

Kikao kilichofuata tuliisoma yote, pamoja na sababu ya kushuka kwake. Muhtasari ukasahihishwa, ada zikalipwa.