"Run", neno la herufi tatu

Neno "run" nilifundishwa shule ya msingi kwa vitendo. Mwalimu aliwaita wenzetu wawili mbele. Mmoja akatembea, mwingine akatimua mbio hadi mlangoni, nasi darasa zima tukaitikia. "Run" ikawa kimbia, ubao ukafutwa, tukaendelea na neno jingine. Maana hiyo ilinitosha kwa miaka mingi, kwa sababu vitabu vyetu navyo havikudai zaidi. Mtoto alikimbia, mbwa alikimbia, mwizi alikimbia.

Mambo yalibadilika nilipoingia chumba cha habari mwaka 1995, Tanzania ikielekea kwenye uchaguzi wake mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri habari za nje. Wamarekani nao walikuwa wakijiandaa kwa uchaguzi wa 1996, na taarifa za mashirika ya habari zilimtaja Seneta Bob Dole kila mara kuwa "running for president". Mwingereza, kwa jambo hilohilo, hutumia "stand", yaani husimama. Mmarekani anakimbia, Mwingereza anasimama, Mswahili anagombea. Hadi leo naona neno letu ndilo lililo wazi kuliko yote matatu: ukilisikia unajua kuna kitu kimoja na watu zaidi ya mmoja wanakitaka.

Siasa ilikuwa mwanzo tu. Katika rundo moja la taarifa ungekuta basi limemgonga mtu, mji umeishiwa maji, mtoto wa tajiri anaendesha kampuni ya baba yake, gazeti limechapisha habari yenye utata, na mgonjwa ana homa. Kote huko Kiingereza kiliweka "run". Tofauti ilitoka kwa jirani zake: "over" ikiwa ni kugonga, "out of" ikiwa ni kuishiwa, "into" ikiwa ni kukutana na mtu bila kutarajia. Basi nikajizoeza kusoma kwanza majirani, kisha ndipo nilitazame neno lenyewe.

Kuna habari moja ya fedha iliyonifungua macho zaidi. Ilihusu wateja waliojazana kutoa akiba zao kwa hofu kwamba benki inaanguka. Waingereza huiita hali hiyo "bank run". Nikaandika kwamba wateja wamekimbilia benki, na sentensi ikakaa sawasawa. Kimbia ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na kiambishi. Hapo nikaona namna lugha hizi mbili zinavyogawana kazi. Kiingereza huliacha neno kama lilivyo na kubadilisha vijineno vya pembeni. Kiswahili huingia ndani ya kitenzi chenyewe. Kutoka kimbia tunapata kimbilia, kimbiza na kimbizana. Mkimbiaji yuko uwanjani, mkimbizi yuko kambini, na hakuna anayewachanganya. Hata Mwenge wa Uhuru tunaukimbiza, na msikilizaji anaelewa kwamba wakimbiza Mwenge wanaubeba, hawaufukuzi. Kutoka enda nako kukaja endesha, kitenzi ambacho leo kinabeba duka, semina, gari na nchi.

Baadaye zikaja kompyuta. Kwenye orodha ya kuanzia ya Windows 95 kulikuwa na "Run" imekaa peke yake, bila mtenda wala mtendwa. Majirani niliozoea kuwauliza hawakuwapo. Watu wa ofisini walifasiri kila mmoja kivyake, mpaka endesha ikazoeleka na programu zikawa zinaendeshwa kama magari.

Ndipo nikaanza kufuatilia wenye lugha wenyewe wanasema nini. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kutolewa kwa vipande mwaka 1884, chini ya mhariri James Murray, na ikakamilika mwaka 1928, Murray akiwa ameshafariki tangu 1915. Katika toleo la pili la 1989, lenye juzuu 20, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Wahariri walipolipitia upya "run", kazi hiyo ilimwangukia Peter Gilliver. Alikaa nayo zaidi ya miezi tisa, na ilipokamilika mwaka 2011 kitenzi hicho kilikuwa na maana 645.

Kwa nini "run" na si neno jingine? Tangu Kiingereza cha kale neno hili lilitumika kwa kiumbe aendaye mbio na kwa maji yatiririkayo, kwa hiyo halikuwahi kuwa mali ya miguu peke yake. Kisha mashine zikaja, na kila kilichozunguka bila kuchoka kikahitaji kitenzi: saa, kinu, gari moshi, jenereta, na mwisho kompyuta. "Set" ni neno la kuweka kitu mahali kikatulia. Dunia iliyojengwa na injini ililihitaji zaidi neno la mwendo. Sisi mashine hizohizo tulizigawia vitenzi tofauti: saa inakwenda, mota inazunguka, jenereta inawaka, bomba linatoa maji. Sioni umaskini hapo.

Kinachonisikitisha ni kwamba bado nakuta madaftari ya watoto yenye safu mbili za maneno, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na "run" imepangiwa mwenzake mmoja tu. Mtoto anayeanza hivyo atapata taabu na ukurasa wa kwanza wa gazeti. Walimu, mpeni neno hilo likiwa ndani ya sentensi, na msimpe sentensi moja. Nanyi watunzi wa kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili, ongezeni mifano ya matumizi, hata kama kitabu kitanenepa.