Michembe ya Bibi Yetu

Sisi tuliozaliwa Bariadi twaifahamu michembe tangu utotoni. Bali kwa ajili yenu mlio mbali na nchi ya Wasukuma yafaa tueleze kwanza. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vingali vibichi na kuanikwa juani. Vikichemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa. Vyote ni akiba ya miezi ya njaa, maana kiazi kibichi hakikai sana baada ya kuchimbwa, lakini kilichokaushwa vema hukaa miezi mingi.

Marehemu bibi yetu, mzaa baba, alikuwa fundi wa kazi hii. Wakati wa kiangazi alichimba viazi, wala hakuvimenya siku ile. Aliviacha siku tatu au nne vinyauke, kwa kuwa kiazi kilichonyauka hukatika vipande vyembamba pasipo kuvunjika. Kisha alivimenya, akavikata, akavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nasi watoto tukawekwa kufukuza kuku na mbuzi. (Mara nyingi mwizi alikuwa mlinzi mwenyewe.) Jioni alivunja kipande kimoja karibu na sikio lake. Kikilia, kimekauka, kikipinda, kirudi juani kesho.

Alipopika, aliiosha michembe, akaichemsha kwa maji machache hata ikalainika, ndipo akatia karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo, akakoroga polepole juu ya moto mdogo. Sukari hakutia kamwe, maana utamu umo mwenyewe.

Basi, tuna jambo la kukiri. Mwaka 2010, Bariadi ingali wilaya ya mkoa wa Shinyanga (mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012), sisi tulikuwa katika chuo cha ualimu mbali na kwetu. Bibi akatuletea mfuko wa michembe kwa mkono wa mtu wa basi. Wenzetu waliotoka mjini wakacheka, wakauliza kama ni magome ya mti. Tukaona haya. Tukauficha mfuko chini ya kitanda, hata wadudu wakaiharibu yote, tukaitupa usiku. Tuliporudi likizo bibi akauliza, "Mjukuu wangu, ilikufikia? Ilikuwa tamu?" Tukajibu, "Ilikuwa tamu sana, bibi." Naye akafurahi, akapiga makofi.

Hatukumwambia kweli hata akafariki. Siku ya matanga shangazi yetu, akisimulia habari za mama yake, alisema ya kuwa mwaka ule aliugua wakati wa kulima, akavuna kidogo sana, na mfuko ule ndio uliokuwa wa mwisho nyumbani mwake. Shangazi alisimulia kwa kumsifu tu. Sisi tukaondoka, tukaenda kusimama nje gizani.

Kiangazi kilichopita tulijaribu kuitengeneza wenyewe. Mara ya kwanza tulikata viazi siku ile ile vilipochimbwa, tukavianika vinene katika sinia, vikaota ukungu. Mara ya pili tukavinyausha, tukavipeleka juu ya jiwe lile lile la bibi. Mama wa watoto wetu akatwanga karanga. Mtoto wetu mdogo akamaliza bakuli, akaomba tena.

Asubuhi tukamwona akitia vipande vikavu mfukoni mwa kaptura yake ya shule, apate kuwagawia wenzake. Tukamwongezea konzi moja.