Nyumba ya Muhumba

Wabelgiji wana msemo wa kujitania wenyewe, kwamba kila mmoja wao huzaliwa na tofali tumboni. Mimi niliyekaa Liège miaka kumi na sita nimewashuhudia watu wa mishahara ya kadiri wakikopa benki deni la miaka ishirini na zaidi, ili wanunue nyumba kongwe iliyobanwa na jirani huku na huku, yenye ngazi iliyotobolewa na wadudu na dari inayonuka unyevu, kisha wakautumia umri wao uliosalia katika kuikarabati.

Maradhi hayo yaliponipata na mimi, rafiki mmoja alinipeleka kwa msanifu wa majumba kabla sijatia sahihi yoyote. Yule bwana alikuja na tochi na kisu kidogo; hakuitazama sebule niliyoipenda, bali alishuka moja kwa moja ghala la chini ya ardhi, akachoma kisu boriti moja baada ya moja, na pale kilipozama kama katika mkate akaniambia kwamba mbao zimeliwa na kuvu. Nikamlipa ujira wa saa mbili, na nyumba ile nikaiacha. Lakini nisiwasifu wenyeji wangu kupita kiasi, kwani nasaha ya namna hiyo hawalazimishwi nayo, na wengi hawaitafuti. Sheria yao ya tarehe 20 Februari 1939 humtaka mtu awe na msanifu pale tu kazi yake inapohitaji kibali cha serikali, yaani aghalabu baada ya kununua. Kabla ya hapo noteri humkabidhi mnunuzi bahasha nene ya vyeti, cha nishati, cha umeme, na huko Flanders tangu Novemba 2022 hata cha asbesto kwa majengo yaliyotangulia mwaka 2001, naye huipekua usiku mmoja na kulala usingizi, utadhani vyeti hubeba paa.

Kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, bahasha ni nyembamba, na kwa hiyo hofu yetu yote tumeitia humo. Kwa sheria ya Julai 1973 ardhi ni milki ya dola, na raia hupewa juu ya parseli yake haki ya kudumu. Ama yule aliyechukua uraia wa Ubelgiji, maadamu katiba ya 2006 hairuhusu uraia wa pili, haki hiyo hana tena, na mara nyingi hununua kwa jina la ndugu. Basi sisi wa ughaibuni tukipigiwa simu kuhusu nyumba huuliza: Sertifika ni ya kweli? Parseli haikuuzwa mara mbili? Warithi wote wametia sahihi? Maswali hayo ni ya haki, na wapo waliolizwa kwa kutoyauliza. Ila sijapata kumsikia mwenzetu akiuliza mlima umekaaje.

Na mji wetu wote ni mlima. Umejengwa juu ya mawe ya volkano yaliyooza yakawa udongo mzito wa mfinyanzi, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, nao unateremka kwa kasi mpaka ziwani. Kule mtaa wa Funu ardhi yenyewe inatembea: wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani kwa muda wa miaka sabini walieleza mwaka 2022 kwamba mwendo huo umezidi kadiri nyumba zilivyoujaa mtelemko. Fauka ya hayo kuna tetemeko. Lile la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, lililokaribia kipimo cha 6, liliwakuta watu wengi makanisani, na nyumba kadha wa kadha zilizobaki zimesimama zilibaki na majeraha ambayo chokaa imeyaficha hadi leo.

Nyumba niliyotafutiwa na mdogo wangu ilikuwa mtaa wa Muhumba, ya zama mji ukiitwa Costermansville, yenye baraza la pembe za mviringo linalotazama ziwa, na ghorofa ya pili iliyoongezwa juu yake na mwenye nyumba wa karibuni. "Yaya, fanya mbio," aliniambia, "kuna watu wa Goma wanaitaka." Nikamjibu kwamba nitamtuma arshitekti kwanza. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kwa upole kama huko Ulaya pesa zimenizidi, hata nimlipe mtu dola mia na hamsini aende kuitazama nyumba ambayo yeye mwenyewe ameshaitazama bure.

Arshitekti yule, kijana mzaliwa wa Kadutu mjini humo, hakuja na kisu. Alianza nje, njia nzima, akizitazama nguzo za umeme na miti kama imesimama wima au imeinama. Akateremka kwa jirani wa chini, akakuta ameuchimba ukingo wa udongo apate kiwanja, na juu ya ukingo huo ndipo ulipokaa msingi wa nyumba yetu. Kisha akaketi kwa mama mmoja wa jirani muda unaotosha chai, akamwuliza maji ya masika hupita wapi, na mwaka 2008 nyumba hii ilifanyaje. Mama alimwonyesha kwa kidole. Ndani ya nyumba, mahali palepale, lipu ilitoa sauti nyingine ilipogongwa. Ufa ulikuwa umekwenda mshazari toka dirishani mpaka chini, na ile ghorofa mpya ilikalia kuta za kale bila nguzo hata moja ya zege. Ripoti yake ilikuwa ya kurasa tatu, pamoja na mchoro wa kila ufa kwa namba.

Sikununua. (Habari za mji tangu Februari 2025, ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na mabenki yakafungwa, ni risala nyingine; hili lilitangulia.) Mdogo wangu alinikasirikia miezi miwili. Ama komisioneri, yaani dalali wa nyumba ile, hakukasirika kabisa. Alinipigia simu, akanisalimia kwa heshima nyingi, akaisifu kazi ya yule kijana, na akaomba nimpelekee nakala ya ripoti. Nilifurahi moyoni, nikidhani ataionyesha kwa wanunuzi wengine, hata nilipomwuliza ataitumiaje. Akanijibu, bila haya yoyote, kwamba fundi wake wa lipu anataka kujua zile nyufa ziko wapi hasa.