Tarumbeta Mpaka Mpanda

Kuna mume anayekuletea maua, na kuna mume anayekuwekea sikioni tarumbeta la mtu aliyefariki mwaka 1972. Wangu ni huyo wa pili. Miaka saba ya ndoa sijawahi kuielewa jazi yake. Ndiyo maana Septemba, tulipokata tiketi ya treni kutoka Tabora kwenda Mpanda, nilijua nimekwisha. Njia ndefu, porini mtandao unakatika, na muziki wake wote kauhifadhi kwenye simu.

Na msidhani tulikuwa tunaenda fungate. Tulikuwa tumenuniana. Miaka miwili nyuma biashara yake ilianguka, nikachukua mkopo, nikamlipia madeni. Sijutii hata kidogo. Ila tangu siku hiyo, kila tukikorofishana, nilikuwa na sentensi moja mdomoni: "Umesahau nani alikutoa?" Pale stesheni tulibishana tukate daraja gani, nikaisema tena, mbele za watu. Hakujibu. Tulipokaa tu akanipa upande mmoja wa hedifoni. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kukwepa ugomvi.

Alianza na Kenny Dorham, albamu ya Whistle Stop, iliyorekodiwa 1961. Jina lenyewe maana yake ni kituo kidogo cha treni, kile ambacho treni haisimami mpaka iashiriwe. Nikacheka bila kupenda.

Sisi wa Bongo tukisikia "jazz" tunawaza Tabora Jazz au Western Jazz, magita na rumba ya kucheza kifua kwa kifua. Hii ya mume wangu ni nyingine. Ni hadibopu, mtindo uliopamba moto Marekani katikati ya miaka ya 1950, pale wanamuziki weusi walipochukua jazi ya haraka haraka wakaichanganya na bluzi na mapigo ya kanisani kwao. Utaratibu wake ni rahisi, ukishaonyeshwa. Tarumbeta na saksofoni wanaanza pamoja na wimbo mmoja. Kisha mmoja anaachiwa nafasi, anasema yake yote, wenzake wanamshikilia chini. Anamaliza, anampisha mwingine. Mwisho wanarudi pamoja pale walipoanzia.

"Hakuna anayemkatiza mwenzake," mume wangu akasema, macho dirishani. Nikajua ni dongo. Nikanyamaza.

Kaliua reli inachepuka kutoka njia ya Kigoma na kuingia kusini, kama kilomita 210 za miombo mpaka Mpanda. Vituoni kinamama wanakuletea asali na karanga hadi dirishani. Njia hii wakoloni waliijenga kwa ajili ya mgodi wa Mpanda, na madini yenyewe yalikuwa risasi. Hapo ndipo mume wangu alipofika kwa Lee Morgan, akanisimulia habari ambayo sijaisahau hadi leo.

Morgan alizaliwa Philadelphia mwaka 1938. Bado kijana mdogo alikuwa anapuliza kwenye bendi ya mpiga ngoma Art Blakey. Tarehe 21 Desemba 1963 alirekodi The Sidewinder, wimbo wa zaidi ya dakika kumi wenye mdundo unaokufanya utikise bega hata ukiwa umenuna. Ukauza kupita alivyotegemea mtu yeyote. Lakini heroini ilikuwa imeshamshika. Kufikia mwaka 1967 alikuwa anatembea kwenye baridi ya New York bila koti, kaliweka rehani.

Mwanamke mmoja, Helen, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, akamwonea huruma. Akalikomboa koti, akamlisha, akamsimamia hadi akarudi jukwaani. Akawa mkewe bila ndoa rasmi na msimamizi wa kazi zake. Watu walisema waziwazi kwamba bila Helen kusingekuwa na Lee.

"Halafu?"

"Halafu akapata mwanamke mwingine. Februari 1972 Helen alimfuata klabu ya Slugs', wakagombana, akampiga risasi. Theluji ilikuwa nzito, gari la wagonjwa likachelewa. Alikuwa na miaka 33."

Nikakaa kimya vituo viwili. Jamani, hakuna kosa la mapenzi linalostahili risasi, hilo tusilijadili. Kilichonichoma ni kitu kingine. Nilimwelewa yule mama mahali fulani ambapo sikutaka kumwelewa. Ukimtoa mtu shimoni, ni rahisi sana kuanza kuamini kwamba ni wako kama koti ulilolikomboa.

Asubuhi iliyofuata, kutoka Mpanda mjini, tulikodi gari hadi Sitalike, kilomita chini ya arobaini, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974, ikaongezwa mwaka 1998, na sasa ina kilomita za mraba 4,471. Watalii ni wachache kiasi kwamba unaweza kuzunguka nusu siku bila kukutana na gari lingine. Simba, nyati, tembo, wote wapo. Ila kiangazi mwenye mji ni kiboko. Mto Katuma unakauka, vinabaki vidimbwi vya tope, na viboko kwa mamia wanabanana humo, mgongo juu ya mgongo. Madume yanapanua midomo na kuumana kwa sababu ya nafasi ya kusimama tu. Masika maji yakirudi, kila mmoja anapata pake.

Tuliwatazama muda mrefu. Ndoa yetu pia ilikuwa kiangazini. Hela zilipopungua tukaanza kuumana.

Usiku ule, Mpanda, baada ya ugali na migebuka, nilitoa simu nikamwonyesha kitu ambacho hakuna aliyekijua: orodha ya kila shilingi niliyomlipia, na tarehe zake. Nikamwambia naifuta.

"Usiifute, mama," akasema. "Nitumie. Deni nitalilipa. Ila nataka nidaiwe pesa, nisidaiwe maisha."

Nikamtumia. Nilimwomba radhi ya stesheni, na ya siku nyingine zote. Kisha nikamwomba hedifoni. Akaweka Search for the New Land, albamu ambayo Morgan aliirekodi Februari 1964. Ndani yake kuna wimbo unaitwa Mr. Kenyatta, na Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi miwili tu kabla. Hebu fikiria, kijana wa Philadelphia kampa wimbo mzee wa jirani zetu! Tuliusikiliza mara mbili. Mara ya pili mimi ndiye niliyeomba.

Sitakudanganya kwamba tumemaliza. Kila mwisho wa mwezi ananirudishia kidogo, na mimi ile sentensi naimeza. Siku nyingine inanikwama kooni. Lakini naimeza.

Nawe mpenzi msomaji, kama kuna mtu uliyemkomboa koti lake, jiulize umemrudishia alivae au bado unalishika mkononi.

Ukitaka kwenda: Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuona wanyama wamekusanyika kwenye maji. Usivae nguo nyeusi wala bluu iliyokoza, mbung'o wa Katavi wanazipenda na wanauma kweli kweli. Ulizia ratiba ya treni mapema, haiondoki kila siku. Na pakua muziki kabla ya kuondoka: Whistle Stop kwa mchana, The Sidewinder mkikaribia Mpanda, na Search for the New Land kwa usiku, mkiwa wawili, hedifoni moja.